Mpaka Niseme Pumua

Bibi harusi ndiye aliyelalamika kwanza. "Chumba chako kina nini, Bwana Tulia?" alimuuliza mpiga picha, akiinuka kitini na mkono kifuani. "Nimebana pumzi kama ulivyosema, ikagoma kutoka!"

Mpiga picha alicheka. Enzi zile kamera ilikuwa sanduku la mbao juu ya miguu mitatu, picha ikinaswa kwenye kioo polepole, na mteja akihema tu sura inavurugika. Ndiyo maana aliwaambia wote, "Tulia. Bana pumzi mpaka niseme pumua." Mtaa ukampa jina, na watani wakadai hata kuku wake hawatagi bila ruhusa.

Lakini kicheko chake hakikufika moyoni. Tangu asubuhi studio ilinuka mafuta ya mkaratusi, yale ya kuchua kifua cha mtoto mwenye pumu, na mtoto wa shemeji yake aliyekuwa akipakwa mafuta hayo alikuwa kaburini.

Alifukiza ubani, akafungua madirisha, harufu ikazidi. Kila alipoingia nyuma ya pazia jeusi kusafisha vioo, alisikia visigino vidogo vikigonga kiti cha wateja. Akichungulia, kiti kitupu.

Siku ya tatu mkewe alikuja na dada yake, mama wa marehemu. Shemeji alikwenda moja kwa moja kwenye picha ya bintiye ukutani, akaibusu.

"Nipigie picha na ya mdogo wangu, shemeji. Huyu mtoto hakutulia popote kwa kikohozi, ila kwako alitulia. Mungu akubariki."

Baraka ile ilimchoma. Angemkatalia vipi? Akajiapiza kutosema maneno yake, lakini mkewe aliyajua kwa moyo: alikaa, akatulia, akabana pumzi mwenyewe.

"Pumua," mpiga picha alisema.

Mkewe hakupumua.

"Pumua, mke wangu!" akapiga kelele, akamtikisa, akamlegeza nguo shingoni huku dada mtu akilia na midomo ya mkewe ikigeuka rangi ya majivu na harufu ya mkaratusi ikiwakaba wote, na visigino vikigonga, vikigonga, mpaka sauti nyembamba ikanong'ona chini ya kiti:

"Baba mdogo, bado?"

Mpiga picha akapiga magoti.

"Nilikuacha, mwanangu. Nilikwambia ubane pumzi, mkubwa mmoja akabisha hodi, nikatoka kumchekea mlangoni nikakusahau. Niliporudi ulikuwa umetulia, nikafurahi, nikapiga picha. Nikawadanganya kwamba ulisinzia baada ya picha, hukuamka. Kosa ni langu. Pumua, mwanangu. Pumua."

Mkewe alikohoa kikohozi cha kitoto, kisha akavuta pumzi. Visigino vikanyamaza.

Shemeji alikuwa ameitungua picha ukutani.

"Kwa hiyo hapa," alisema taratibu, akiigusa sura ile, "mwanangu alikuwa ameshakufa. Na mimi nalala nayo moyoni nikijua anamtazama baba yake mdogo."

Mpiga picha alifungua mdomo aombe radhi. Pumzi ikagoma. Mkaratusi ukamjaa puani, kitu kidogo kikamkalia kifuani, akainua mikono kumwelekea shemeji, akiomba neno moja tu.

Shemeji alilijua. Akamtazama macho yalivyomtoka, akaikumbatia picha.

"Tulia hapo hapo, shemeji," alisema. "Mpaka niseme."

Akamshika mdogo wake mkono, wakatoka, akaufunga mlango.