Jiwe la Kumi na Saba

Haya yalimkuta rafiki yangu niliyesoma naye jiolojia, yule tuliyemwita Mbishi. Yeye na wenzake walipelekwa nje ya nchi kwa mafunzo ya wiki moja. Siku ya nne wakaingia kwenye handaki la mgodi wa zamani kukusanya mawe. Kila jiwe unaliandika namba kwa wino mwekundu; Mbishi alishafikisha kumi na sita.

Mlinzi aliwaonya mlangoni. "Wanangu, mkigonga mwamba mkajibiwa, tokeni."

Mbishi akagonga mara tatu. Gizani, nyuma ya mwamba, zikajibu hodi tatu. Wenzake wakatimua mbio.

"Mimi sikuja huku kote kutishwa na ukuta!" akafoka, akagonga mara nne. Zikajibu tano. Akabandua jiwe lake, akatoka nalo akitembea, tena taratibu.

Nje, juani, akalipasua katikati na kutoa kalamu aandike namba. Akakuta imeshaandikwa. Ndani kabisa ya jiwe, kwa wino mwekundu na mwandiko wake mwenyewe: kumi na saba.

Kila mtu humwambia alitupe. "Lina namba yangu," anajibu, "silitupi ng'o!"

Lipo mezani kwake, mwaka wa sita sasa. Wino bado haujakauka.