Mkono wa Luhende

Zama zile bunduki za gumegume zilipokuwa ndiyo kwanza zinapenya bara, nchi ya Ugembe haikwenda vitani mpaka nyama iseme. Ndivyo walivyoita wenyewe. Mkuu wa wapiga upinde aliketishwa juu ya ngozi ya simba mbele ya ikulu ya mtemi, mkono wake wa kulia ukiwa wazi, na watu wakaukodolea macho. Nyama ya mkono ikicheza yenyewe, basi mizimu imeridhia vita. Ikitulia, kila mtu alirudi shambani kwake. Desturi hiyo iliwaepusha na upumbavu mwingi, kwa kuwa nyama ya mtu mzima haichezi ovyo.

Kisha nyama ya Luhende ikaanza kucheza, na haikutulia tena.

Luhende ndiye aliyekuwa mkuu wa wapiga upinde, mwanamume mrefu mwenye bangili za shaba hadi kiwikoni. Ilianzia begani, ikitukutika chini ya ngozi kama panzi aliyefungwa kwenye kitambaa. Watu wakapiga vigelegele. Mtemi Mihambo, aliyezimezea mate chemchemi za chumvi za nchi jirani ya Usonda tangu akalie kiti, akachinja madume ya ng'ombe. Hakuna aliyejiuliza kwa nini siku hizi shujaa wao anashika kata ya pombe kwa mikono miwili.

Aliyeona ni dada yake, Kabula.

"Kaka, kata imekuponyoka tena."

"Imeteleza tu."

"Usinifanye mtoto. Hebu lete mkono. Hapa penye kidole gumba pamebonyea, nyama imekwenda wapi?"

Luhende akaurudisha mkono ndani ya shuka. Waganga wa Ugembe walikuwa wamempa majibu tele, na yote, ajabu, yalimpendeza mtemi. Mizimu imekupenda. Mizimu ina haraka. Mkono una njaa ya adui. Naye kila asubuhi alishindwa kufunga shuka lake mwenyewe.

Basi wakatoka kwa siri, yeye na Kabula, wamejitwika majembe ya chuma kama wachuuzi wanaokwenda kuyabadilisha kwa chumvi, wakashika njia ya Usonda kwenyewe. Huko aliishi Nsabi, mganga mwanamke ambaye hata maadui walimheshimu.

Nsabi hakupiga ramli. Alimwambia akamate mchi, ukamdondoka. Alimwambia atembee kwa visigino, akapepesuka. Mwisho akamwambia atoe ulimi, akautazama kwa muda mrefu, na uso wake ukabadilika.

"Hata ulimi unacheza," alisema. "Baba, nimewahi kuwaona wawili wa namna hii. Mmoja alikuwa mume wangu. Mkono ulitangulia, miguu ikafuata, kisha maneno. Si mizimu, wala hujarogwa. Ni maradhi. Jina lake silijui na dawa yake sikuipata."

"Nimevuka mbuga zote hizi kuja kuambiwa hujui?"

"Wenzangu walikuambia wanajua. Umepona?"

Luhende alilia. Alilia kwa hasira, na pia kwa sababu hatimaye mtu alikuwa amemwambia kweli.

Aliporudi alisimama mbele ya ikulu, watu wote wakisikia. "Mtemi, mkono wangu unacheza kwa kuwa unakufa. Hauagizi vita. Na kama ni lazima twende, mpe msaidizi wangu Masele upinde wa kwanza."

"Nani kakuambia hayo?" aliuliza Mihambo.

Luhende hakujua kusema uongo. "Nsabi wa Usonda."

Mtemi akacheka, na watu wakacheka naye. "Adui anakukataza usimpige, nawe unakubali! Mketisheni."

Wakamkalisha kwa nguvu juu ya ngozi ya simba. Mkono ule msaliti ukacheza mbele ya kila mtu, na ngoma ya vita ikalia.

Wapiga upinde wa Ugembe walifundishwa tangu ujana kutofyatua mpaka mshale wa mkuu wao uruke. Asubuhi ya vita, penye magadi meupe ya Usonda, Luhende alivuta upinde kwa nguvu zote alizobakiza. Vidole vikafunguka vyenyewe. Mshale ukaanguka miguuni pake. "Pigeni!" alipaza sauti, "pigeni, ndugu zangu!" lakini sauti ilitoka nzito kama ya mlevi, na wao hawakufunzwa kutii mdomo. Walisimama wamevuta nyuzi, wakisubiri. Gumegume za Usonda hazikusubiri. Masele alikufa mshale ukiwa bado mkononi.

Mihambo alikuwa nyuma, akanusurika. Watu wa namna yake hunusurika. Akatangaza kwamba Luhende ameuza mkono wake kwa chumvi, akamfukuza nchini. Kabula alimbeba mgongoni alipochoka, mpaka kwa Nsabi. Huko alinyweshwa uji kwa kijiko, kisha uji wenyewe ukamshinda, akazikwa ugenini akiwa na bangili zake.

Ugembe walitunga wimbo wa mwenye kuuza mkono, na wanawake wakatwanga mtama kwa wimbo huo miaka na miaka. Ngozi ya simba iliendelea kutandikwa. Kabula alizeekea Usonda akichemsha chumvi, na kila wachuuzi wa Ugembe walipokuja aliwakalisha akawaeleza: kaka yangu alikuwa mgonjwa. Walimsikiliza kwa adabu, wakampa pole, wakajitwika mizigo. Kisha, kabla hawajaupita mji, alisikia mmoja ameanzisha ule wimbo, na wenzake wakaitikia.