Adungu ya Pili

Jioni ile Okeny alishuka mteremko wa Mulago na adungu mgongoni, na kila aliyekutana naye alimpisha njia kama mtu aliyebeba jeneza. Chombo chenyewe hakina la kutisha. Gogo lililochongwa, ngozi ya ng'ombe juu yake, shingo iliyopinda kama upinde na nyuzi tisa. Okeny alikuwa amekipiga Arua, Juba, Kisumu, hata kwenye hoteli moja ya Mombasa ambako wazungu walimpigia makofi kabla hajaanza, wakanyamaza alipomaliza. Kutazamwa alikuwa amezoea. Kitambi chake peke yake kilitosha kutazamwa.

Ila adungu hii haikuwa yake. Yake ilikuwa nyumbani ukutani. Hii ilikuwa ya Obwona, mdogo wake.

Obwona alichukuliwa mwezi wa kwanza. Ndugu hao wawili walikuwa wanatoka kupiga muziki harusini, gari likasimama kando yao, wakashuka vijana waliovaa miwani myeusi wakati jua limeshazama. Walimwita kwa jina. Wakamfungulia buti la gari. Kabla hajainama kuingia, Obwona alimpa kaka yake adungu.

"Nishikie," akasema.

Basi. Hakurudi, wala maiti haikuonekana, na watu walioulizia maiti siku zile nao walikuwa wakiuliziwa kesho yake. Kwao Okeny, vitu vya mtu haviuzwi kabla ya matanga. Kuuza adungu ile kulikuwa sawa na kusema kwa sauti: Obwona amekufa.

"Ukiiuza umemzika," mkewe Akwero alimwambia asubuhi. "Umemzika bila shimo."

"Tusipokula, mtanizika na mimi. Na mimi nitataka shimo pana."

Akwero hakucheka. Walikuwa hawajaona sukari tangu Pasaka, ni kweli, lakini si njaa iliyomtoa Okeny nyumbani. Kulikuwa na jambo jingine, na hilo hakumwambia mtu.

Duka la Kamis lilikuwa Old Kampala. Mwaka uliotangulia lilikuwa la fundi cherehani Mhindi, kabla Wahindi hawajafukuzwa, na kuta zilikuwa bado zinanukia iliki. Kamis, mfanyabiashara mcheshi, alikuwa akiunda bendi na mashemeji zake, na adungu ilikuwa imemkaa moyoni.

"Okeny, ndugu yangu! Hiyo umebeba ni chombo ama ni mbuzi?"

"Mbuzi ningekuwa nimemla njiani."

Kamis aliipokea kwa mikono miwili, akailaza juu ya meza ya duka, akapitisha vidole kwenye nyuzi. Sauti tisa zikapanda, safi, zikipatana.

"Umekaza saa ngapi hii?"

"Sijaikaza."

"Tangu lini?"

"Tangu mwenyewe achukuliwe."

"Wacha mchezo. Na hii mvua? Mimi gitaa yangu nikiacha wiki moja, inalia kama paka." Akapiga tena. "Lakini iko chini sana. Nani alikaza hivi? Huyu alikuwa mgonjwa?"

Hilo ndilo lililokuwa limemtoa Okeny nyumbani.

Mpiga adungu hakazi kwa filimbi wala kwa piano. Anavuma kwa koo lake mwenyewe, anaukaza uzi wa kwanza mpaka ushike sauti yake, nyingine zinafuata. Obwona alikuwa na sauti ya juu, kama msichana wa kwaya, na watu walimtania sana. Miezi ile ya kwanza adungu yake ilining'inia ukutani, mvua ikanyesha, ngozi ikalowa, na kila Okeny alipoigusa kwa ukucha aliikuta imekaa palepale. Kwenye sauti ya Obwona. Akajiambia ni mti mzuri. Halafu, baada ya Pasaka, ikaanza kushuka. Si uzi mmoja kulegea, la. Zote tisa, kwa pamoja, zikipatana. Kidogo. Halafu kidogo tena.

Kama mtu anayekaza kila siku, ila koo linamwishia.

Umeme ukakatika.

Umeme wa mji ule ulikuwa na tabia zake, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Kamis akaenda kupapasa kiberiti.

Kwiiik...

Sauti ile Okeny aliijua kuliko jina lake. Ni kijiti cha kukazia uzi, kikizunguka ndani ya tundu lake.

"Kamis, acha," akanong'ona.

"Niache nini? Mimi niko huku."

Alikuwa upande wa pili wa duka.

Kwiiik...

Ikaja harufu. Saruji mbichi. Mkojo. Na katikati yake, mafuta ya shea ya kwao, yale Obwona aliyopaka kichwani kila siku ya harusi.

Halafu mtu akavuma.

"Mmm..."

Chini. Kavu. Sauti ya mtu aliyenyimwa maji. Ilijaribu kuushika uzi wa kwanza, ikateleza. Kijiti kikalegea kidogo, kuifuata. Ikajaribu tena... ikateleza.

"Bismillahi," Kamis akasema polepole gizani.

Okeny alitaka kukimbia. Tuseme ukweli, miguu ilikwisha kukimbia, ni kitambi tu kilichobaki. Lakini akakumbuka harusi walizopiga pamoja. Obwona akishalewa alikuwa anapoteza sauti katikati ya wimbo, na akishaipoteza alikuwa anageuka, anamtazama kaka yake. Okeny alikuwa akimpa sauti ile chinichini, midomo imefungwa, watu wasijue.

Akafunga midomo.

"Mmmmm..."

Ile ya gizani ikasikiliza. Ikapapasa. Ikamfikia. Zikawa sauti mbili, halafu ikawa moja.

Kijiti kikasimama.

Kamis alipowasha kiberiti, adungu ilikuwa juu ya meza palepale alipoilaza. Kijiti cha kwanza kilikuwa kimelowa.

"Ondoa hii kitu, ndugu yangu," Kamis akasema. "Mimi sikufukuzi. Ngoja, nitakusindikiza."

Akamsindikiza kweli, mpaka karibu na nyumbani. Ila alipita ng'ambo ya barabara.

Akidi, binti yao, alikuwa amelala. Okeny alimsimulia Akwero yote, na Akwero akaanza kulia kabla hajamaliza.

"Nisamehe, baba Akidi. Ilikuwa ni mimi."

"Wewe nini?"

"Obwona alinifundisha kukaza. Nilijua ikilegea utaiuza. Kwa hiyo kila ukitoka niliivumia kwa sauti yangu. Ya kwangu na ya kwake zilikuwa karibu sawa, si unajua?"

Okeny akahisi moyo umerudi mahali pake. Akataka hata kucheka.

"Sasa mbona ulikuwa unashusha?"

Akwero akafuta machozi, akamtazama.

"Mimi niliacha Pasaka," akasema. "Nilichoka. Zile za juu ni mimi. Za chini, si mimi."

Adungu ikarudi ukutani, kando ya mwenzake.

Baadaye Kamis alituma shemeji yake aulize kwa adabu kama ile ya ziada bado ipo, maana mashemeji wana roho ngumu.

"Mwambie si ya ziada," Okeny akajibu. "Nimeachiwa... hapana. Nimeambiwa nishike."

Tangu hapo, kila jua likizama Okeny aliketi chini ya ukuta ule, akavuma, na ile sauti ya gizani ikamwitikia. Adungu ya Obwona ikakaa kwenye sauti ya Okeny. Alipougua mafua, nayo ikaugua mafua, na akamtania Akwero kwamba sasa nyumba ina wagonjwa wawili wa kuchemshiwa chai isiyo na sukari. Jioni moja alichelewa, akamkuta Akwero kitandani, amemkumbatia Akidi, amemziba masikio. Ukutani vijiti vyote tisa vilikuwa vinazunguka, mbele, nyuma...

"Inakutafuta," Akwero akasema.

Okeny akavuma hapo hapo mlangoni, viatu vyake miguuni.

Lakini kila jioni ile sauti ya pili ilichukua muda zaidi kuitikia. Mvua za mwisho wa mwaka zilipoanza, Okeny alivuma mpaka pumzi ikamwishia, akasikiliza.

Mvua tu, juu ya mabati.

"Baba Akidi," Akwero akanong'ona, "labda sasa tuweke matanga."

Uzi wa kwanza ukalegea kidogo.

Okeny akashusha sauti kuufuata, ikawa chini zaidi ya alivyowahi kuishusha, akavuma tena.