Pikipiki Inayogoma Ikipata Moto

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Injinia alifuta pikipiki ya mama yake hadi ing'ae. Jina hilo la utani alipewa na mama, kwa sababu mikono ya binti huyo ilimwasha kila alipoona skrubu. Mama naye alipanga mikate aliyooka kwenye kreti, akaifunga nyuma kwa mpira, kisha akapiga kiki moja tu. Pikipiki ikanguruma.

Wiki moja mambo yaliharibika. Asubuhi pikipiki iliwaka vizuri, lakini ikishapata moto na kuzimwa, haikuwaka tena mpaka ipoe. Mikate ilichelewa kila siku. Mwenye duka kubwa aliyenunua mikate yao akasema waziwazi, "Mama Injinia, ukichelewa tena natafuta mwokaji mwingine."

Jumamosi Injinia na mama waliondoka pamoja kupeleka mikate. Pikipiki ikagoma kwenye kituo cha kwanza, wakaisukuma hadi kwa fundi wa jirani. Fundi akabadilisha plagi, akakagua nyaya, akajikuna kichwa.

"Hii inanichezea shere. Kuna mtu ameigusa?"

"Mimi sijaigusa," mama alisema. "Na wewe, mwanangu?"

"Hapana, mama. Nafuta vumbi tu," Injinia alijibu huku akitazama viatu vyake.

Haikuwa kweli. Mvua iliponyesha mwanzoni mwa wiki, aliona kitundu kwenye kifuniko cha tangi la petroli, akaogopa maji yataingia, akakiziba kwa nta ya mshumaa. Sasa aliogopa kuchekwa.

"Basi itabidi niifungue injini yote," fundi alisema. "Niachieni wiki nzima."

Mama akaketi kando ya kreti, akashika tama. Injinia hakuwahi kumwona amenyong'onyea hivyo. Roho ikamuuma, akaona heri achekwe.

"Fundi, niliziba kitundu cha kifuniko cha tangi. Kwa nta."

Fundi akafungua kifuniko. Fyuu! Hewa ikavutwa ndani.

"Kumbe! Tangi hupumulia hapa," alisema akichokonoa nta kwa waya. "Hewa isipoingia, petroli haishuki kwenye injini. Mkisubiri ipoe, hewa inapenya kidogo kidogo, nanyi mnadhani shida ni joto. Haya, mama, piga kiki."

Injini ilikuwa bado ya moto. Kiki moja, ikawaka!

"Injinia wetu kaiziba pua pikipiki, halafu anataka ikimbie!" fundi alisema. Wote wakacheka, hata Injinia mwenyewe.

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Ulitaka kusaidia, hilo halikuniudhi," mama alisema. "Lakini ulipoulizwa ukakana, nusura injini nzima ifunguliwe bure. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ukikosea sema mapema, hata kama tutakucheka. Kicheko hakiui mtu. Sasa panda, bado tutawahi. Leo mwenye duka atatupokea kwa tabasamu, apende asipende!"