Ghorofa ya Bartholomeo

Ukifika kwa Bartholomeo kwa barabara ya juu, unaona nyumba ya kawaida. Ina bati jekundu, mlango mmoja na madirisha mawili. Ukifika kwa njia ya chini, ile itokayo mtoni, unaona nyumba ndefu kwenda juu. Mlango uko juu, na mlango mwingine uko chini yake. Nyumba ni ile ile. Mlima ndio umeifanya hivyo.

Huku kwetu Usambara tambarare ni adimu. Mtu akitaka kujenga, anachimba ubavu wa mlima. Anajenga ukuta wa mawe upande wa bondeni, kisha anasimamisha nyumba juu yake. Chini ya sakafu, nyuma ya ukuta ule, unabaki uwazi. Wengine huujaza udongo. Bartholomeo aliuwekea mlango, akamweka humo ng'ombe wake anayeitwa Maua.

Ukuta ule aliujenga kwa mikono yake kwa miaka mitatu, kila alipopumzika kazi ya kabichi. Ulikuwa ukuta mzuri, na ulistahili sifa. Lakini Bartholomeo hakungoja watu wamsifu. Alianza mwenyewe. "Karibuni ghorofani kwangu," aliwaambia wageni. Alisema hivyo nyumbani, akasema kanisani, akasema hata kwenye gulio la Mlola, ambako hakuna aliyemuuliza. Watu wakamwita Mzee wa Ghorofa. Naye aliitika kwa furaha.

Siku moja alfajiri, tarehe ya kwanza ya mwezi, mkewe Marietha alinunua umeme wa LUKU kwa simu. Aliingiza namba kwenye mita, akasoma. Akafuta macho, akasoma tena.

"Baba Jesca, njoo uone," aliita. "Umeme umekuja kidogo sana. Pesa ni ile ile ya siku zote."

"Labda mita imeharibika," alisema Bartholomeo. Alikuwa akifunga mzigo wa majani ya gwatemala ya kumlisha Maua.

Marietha alisoma ujumbe kwenye simu. "Mita nzima. Imeandikwa hapa, kodi ya jengo. Mwezi uliopita walikata elfu moja na mia tano. Leo wamekata elfu saba na mia tano."

Aliketi kwenye kigoda. Mbele yake ilikuwa mashine ya kutotolesha vifaranga. Ilikuwa tupu na baridi. Mashine hiyo ilikuwa mali ya kikundi cha akina mama wa usharika. Kila mama alikaa nayo miezi sita. Sharti lilikuwa moja: mashine isilale. Mama asipoiwasha kufikia mwisho wa mwezi unaofuata ule alioipokea, inakwenda kwa mwingine. Marietha alikuwa ameisubiri kwa miaka miwili. Ilikuwa imefika kwake juzi tu, na mayai sitini alikwisha kuyaagiza kutoka kijiji cha Kwai.

"Pesa iliyokatwa ndiyo umeme wa mashine," alisema kwa huzuni. "Nitaiwasha kwa nini sasa? Kwa kuni?"

Bartholomeo alitazama ukutani, kisha akatazama chini haraka. Marietha akafuata macho yake. Ukutani, kando ya picha yao ya harusi, ilitundikwa karatasi ya halmashauri ndani ya fremu ya kioo.

"Ile karatasi yako inasemaje hasa?" aliuliza.

"Inasema tuna ghorofa," alijibu Bartholomeo kwa sauti ndogo.

Marietha hakugombana naye. Aliitoa fremu ukutani, akajifunga khanga vizuri, akaenda kwa jirani yao Bi Mwanahamisi. Bartholomeo alimfuata nyuma kama mtu anayepelekwa sindano.

Bi Mwanahamisi alikuwa karani wa ofisi ya ardhi kwa miaka thelathini kabla ya kustaafu. Walimkuta barazani akichambua maharage.

"Shikamoo, mama," walisema wote wawili.

"Marahaba, wanangu. Kulikoni mnanitembelea na fremu asubuhi hii? Mmeniletea picha yangu?"

Marietha alimweleza. Bi Mwanahamisi akavaa miwani, akasoma taratibu.

"Hii ni notisi ya tathmini," alisema. "Walipita watu kuhakiki majengo. Hapa wameandika: aina ya jengo, ghorofa. Sakafu, mbili. Baba Jesca, uliipokea lini?"

"Mwenyekiti wa kitongoji aliniletea. Nikaitia sahihi."

"Lini?"

"Siku ishirini na mbili zilizopita."

"Na ulifanya nini?"

Bartholomeo alikohoa. "Nilinunua fremu."

Bi Mwanahamisi alicheka mpaka maharage yakamwagika. Marietha hakutaka kucheka, lakini naye akacheka. Kisha mama yule akafuta machozi, akawa mkali kidogo.

"Soma mstari wa chini kabisa," alisema.

Bartholomeo akasoma kwa kidole. "Asiyeridhika anaweza kukata rufaa ndani ya siku thelathini tangu kupokea notisi hii."

"Umebakiwa na siku nane. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Siku ya thelathini na moja hata ukiwa na haki yote ya dunia, watakuuliza ulikuwa wapi."

"Lakini mama," alisema Bartholomeo, "serikali ikishaandika, mimi mkulima nitaifutaje?"

"Hutaifuta wewe. Ipo kamati ya kusikiliza rufaa za kodi ya majengo. Kazi yake ni hiyo hiyo, kusikiliza. Anayehakiki ni mtu, na mtu hukosea. Ndiyo maana mstari huu umeandikwa."

"Tutaandika nini?" aliuliza Marietha.

"Ukweli, kwa ufupi. Andikeni jina, namba ya notisi na mahali nyumba ilipo. Semeni kosa ni lipi na kwa nini ni kosa. Msiandike kwamba maisha ni magumu. Maisha ni magumu kwa wote, na kamati haipimi ugumu wa maisha. Inapima nyumba."

"Na ushahidi?"

"Picha ya upande wa juu na picha ya upande wa chini. Picha ya mle ndani pia. Pimeni kimo cha kile chumba. Kama mna kibali cha ujenzi, toeni nakala. Barua yenyewe mpeleke mbili. Moja ibaki ofisini, nyingine igongwe mhuri wa kupokelewa, mrudi nayo nyumbani."

"Niiweke kwenye fremu?" aliuliza Bartholomeo.

"Uiweke mahali ambapo utaiona," alijibu Bi Mwanahamisi. "Na wakati mnasubiri, kodi inayokatwa ikatwe. Rufaa si kugoma. Nyumba yenu ina kodi yake halali, ile ya nyumba ya kawaida, nayo mtailipa siku zote. Mnachopinga ni ghorofa peke yake."

Njiani kurudi, Bartholomeo alitembea polepole. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda kutoka bondeni.

"Mama Jesca," alisema, "hiyo kamati inakaa hadharani?"

"Inakaa kwenye ukumbi wa kata. Mlango wazi."

"Basi itabidi nisimame mbele ya watu niseme sina ghorofa."

"Ndiyo."

"Watu wale wale."

"Wale wale, mume wangu. Wa kanisani, na wa Mlola pia kama watakuja."

Bartholomeo hakula vizuri siku hiyo. Lakini kesho yake alishika futi kamba, akaingia zizini kwa Maua, akapima. Alitoka na majani kichwani na namba kwenye daftari. Marietha akaandika barua. Siku mbili baadaye walirudi kutoka ofisini na nakala yenye mhuri. Walikuwa bado na siku tano mkononi.

Wiki ya tatu wakaitwa. Ukumbi ulijaa. Mwenyekiti wa kamati aliitwa Silvano, mzee mwenye sweta la kijivu na sauti ya upole. Pembeni alikaa Lusajo, kijana aliyehakiki majengo ya upande wao.

"Ndugu Bartholomeo," alianza mwenyekiti, "tumesoma barua yako. Lakini tuna picha ya mhakiki pia. Inaonyesha mlango juu ya mlango. Ndugu Lusajo, picha hii uliipigia wapi?"

"Kule chini, njia ya mtoni," alijibu Lusajo. "Ndiko nilikopita siku ile."

"Uliingia ndani?"

"Hapana, mzee. Sikuingia." Lusajo alisita. "Lakini nilimuuliza mwenye nyumba. Alikuwa juu dirishani. Aliniambia, karibu ghorofani."

Ukumbi mzima ukacheka. Nyuma mtu akasema, "Mzee wa Ghorofa huyo."

Bartholomeo alihisi masikio yake yakiwaka. Angeweza kukana. Lusajo alikuwa peke yake siku ile, na hapakuwa na shahidi. Alimtazama Marietha. Mkewe alikuwa ameshika nakala ya barua kwa mikono miwili, na macho yake hayakuwa na kicheko. Bado siku tisa mwezi uishe, na mashine iondoke.

Bartholomeo akavua kofia.

"Mheshimiwa mwenyekiti, kijana anasema kweli," alisema. "Nilimwambia hivyo. Mdomo uliponza kichwa. Nilipenda kujisifu kwa sababu ukuta ule niliujenga mwenyewe, na ulinichosha sana. Lakini kule chini si ghorofa. Ni zizi. Kimo chake ni futi tano na nusu. Pande tatu ni udongo wa mlima. Hakuna ngazi ya ndani wala dirisha. Nyumba yangu ina sakafu moja. Naomba kamati ije ione."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mzee mmoja wa mbele alitikisa kichwa kwa kukubali.

"Umesema vizuri, mghosi," alisema mwenyekiti, akimwita kwa heshima ya Kisambaa. "Tutakuja mchana huu huu."

Walikuja watu watatu pamoja na Lusajo. Kwanza walisimama barabara ya juu. Waliona nyumba ya kawaida. Kisha wakashuka kwa njia ya mtoni, wakishikana mikono kwa sababu ya utelezi. Wakafika mbele ya mlango wa chini.

"Nani anaishi humu?" aliuliza mwenyekiti.

"Maua," alisema Marietha.

"Maua ndiye binti yenu?"

Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Ukasukumwa kutoka ndani, na kichwa kikubwa chenye pembe kikatokea. Maua aliwatazama wanakamati mmoja mmoja, akaendelea kutafuna gwatemala yake.

Mwenyekiti alimtazama kwa muda. "Huyu mpangaji hajalalamika kuhusu kodi?" aliuliza.

Lusajo alipima kimo mwenyewe, akiwa ameinama. Alipotoka alimwendea Bartholomeo.

"Nisamehe, baba. Ningepanda mpaka juu, ningeona."

"Nami nisamehe, kijana wangu," alisema Bartholomeo. "Ningefunga mdomo, usingekosea."

Barua ya kamati ilifika siku sita baadaye. Iliandikwa: jengo la kawaida, sakafu moja, pamoja na zizi. Kodi irudishwe kwenye kiwango cha kawaida, na kilichozidi kifidiwe.

Bi Mwanahamisi aliisoma mara mbili. "Sasa tunzeni hii pamoja na risiti," alisema. "Mwaka wowote wakija kuhakiki tena, muwaonyeshe. Na wewe Marietha, ukisikia jirani ana notisi, mwambie asome mstari wa chini. Kila ofisi ina utaratibu wake, na utaratibu hubadilika, kwa hiyo aulize mapema. Kuuliza hakulipiwi."

Jioni hiyo, siku tatu kabla ya mwezi kwisha, Marietha alinunua umeme bila hofu ya kodi ya mwezi ujao, akapanga mayai sitini kwenye mashine. Akabonyeza swichi. Taa ndogo nyekundu ikawaka. Alikaa karibu nayo akiimba pambio, na furaha yake ilijaa chumba kizima.

Siku ya ishirini na moja vifaranga walianza kugonga maganda. Hadi kesho yake walikuwa hamsini na wawili, na kelele zao zilisikika hadi zizini. Akina mama wa kikundi walikuja kutazama. Mmoja wao alikuwa mgeni, ametoka Mlola.

"Njiani wameniambia hapa ni kwa Mzee wa Ghorofa," alimwambia Bartholomeo. "Mbona mimi siioni hiyo ghorofa?"

Wenyeji wakageuka wamsikie atajibu nini. Bartholomeo aliinuka. Alikwenda ukutani, kando ya picha ya harusi, akatungua fremu, akaipangusa kioo kwa kiganja cha mkono.

"Huna haja ya kuitafuta," alisema, akimpa mgeni ile barua ya kamati. "Soma hapa. Sakafu moja. Na imegongwa mhuri."