Majivu Chini ya Nta

Mizuho alipofungua dirisha Jumamosi ile, kwanza aliutazama mlima, kama watu wote wa Kagoshima wafanyavyo kabla hata ya kunawa uso. Mlima Sakurajima, volkano isiyolala, ulikuwa umetema tena na upepo umeleta majivu mjini. Teksi nyeusi ya babu yake ilikuwa ya kijivu kutoka boneti hadi buti.

"Kesho inambeba bibi harusi, mwalimu Kanae," alisema Babu Tsuneo akivaa viatu. "Nikirudi sokoni nitaiosha na kuipaka nta."

"Niipake mimi, Babu."

"Wewe bado mtoto. Nta inataka subira, na wewe na subira hamjaonana bado."

Maneno hayo yalimchoma. Ana miaka kumi na miwili, mtoto vipi? Babu alipokata kona tu, Mizuho alitoa mkebe wa nta. Kuosha aliona ni kupoteza muda. Aliyapangusa majivu kwa kitambaa kikavu, akachota bonge la nta na kuipaka boneti yote, jua likimchoma utosini.

Nta ilikauka kabla hajageuka. Alipoifuta, iligoma. Yalibaki mabaka meupe, na katikati yake mikwaruzo myembamba isiyohesabika. Majivu ya mlima si majivu ya jikoni. Ni mawe yaliyosagwa, naye alikuwa ameyasugulia kwenye rangi.

Binamu yake Wakana, wa nyumba ya pili, alichungulia juu ya ukuta. "Hiyo nta au uji wa mchele?"

"Nyamaza."

"Mwambie Babu ni mlima. Mlima hauna mdomo wa kujitetea."

Wazo lilikuwa tamu, na kila mtu angeliamini. Lakini Mizuho alikunja uso. "Nilitaka aione kazi yangu. Basi ataiona hii hii."

Babu alirudi na figili za sokoni, akaziweka chini na kuinamia boneti.

"Ni mimi, Babu. Sikuosha kwanza. Na usininyang'anye kitambaa. Nimeharibu mimi, nitatengeneza mimi."

"Hata nikikukataza?"

"Hata ukinikataza," alijibu.

Babu aliingia garini, akaisogeza teksi kivulini, upande wa nyuma wa nyumba. "Lete mpira wa maji," alisema.

Walianza na maji matupu, kutoka paa kwenda chini, bila kugusa rangi, mpaka yakatiririka safi. Ikafuata sabuni na sponji laini, kisha kukausha. Boneti ilisuguliwa taratibu kwa dawa ya kung'arishia rangi. Nta yenyewe ilikuja mwisho, kiasi cha ukucha tu, sehemu moja baada ya nyingine. Ilipopauka na kutoshika tena kidoleni, Mizuho aliifuta kwa kitambaa safi, akikigeuza kila mara. Mara mbili Babu alionyesha ukungu kwenye rangi na kusema, "Rudia." Mara mbili alirudia, midomo kaibana, mikono ikiwaka moto. Jioni mawingu yalionekana kwenye boneti kama kwenye kioo. Ilibaki mikwaruzo miwili ambayo haikukubali kutoka.

Jumapili saa mbili asubuhi, Babu akivaa glavu zake nyeupe, mlima ulitema tena. Majivu yalitua juu ya kazi yote ile. Mizuho hakungoja kuambiwa. Alitoka na mpira wa maji.

"Tema tu," aliuambia mlima. "Maji tunayo."

Maji yaliteleza juu ya nta na kuondoka na majivu yote. Mwalimu Kanae alipofika na kimono chake cheupe cha harusi, aliinama mbele ya boneti, akajitazama na kuweka sawa nywele zake. "Babu Tsuneo, umeing'arisha kweli," alisema.

"Si mimi. Ni huyu." Babu alimfungulia bibi harusi mlango, kisha akamgeukia mjukuu wake. "Jana ulikaidi kwa kukwepa kuosha, ukaharibu rangi. Halafu ukakaidi tena, ukakataa kukimbia kosa lako, ukaitengeneza. Ukaidi wako uweke kwenye kazi na kwenye kusema kweli, utafika mbali. Ungeusingizia mlima, leo ningekuwa nimekufichia mkebe wa nta."

Aliwasha gari, akateremsha kioo.

"Jumamosi ijayo usinisubiri nirudi sokoni. Anza."