Mwanga Utokao Chini

Kwenye mabwawa ya chumvi watu hawakuwa na haraka ya alfajiri. Walikunywa chai yao taratibu, wakafunga milango, wakaingia kazini jua likiwa limeshapanda. Msimamizi alikuwa akisema kwamba chumvi nzuri ni ya jua kali. Basi jua kali ndilo waliloingia nalo kila siku.

Mke wa Jembe alifanya kazi bwawa moja na mumewe na binti yao wa mwisho, Kitinda. Jembe alivuta chumvi kwa reki ya mbao. Mkewe na Kitinda waliizoa kwa makarai na kuimwaga kwenye lundo. Jembe si jina alilopewa na wazazi. Alipewa na wenzake, kwa kuwa alifanya kazi ya watu wawili na kula chakula cha watu watatu.

Mtu wa chumvi hujulikana kwa macho. Kwenye weupe wa jicho, upande wa pua, huota kinyama chekundu, chembamba kama bawa la nzi. Karibu kila mtu pale alikuwa nacho. Wenyewe walikiita beji. Mgeni akianza kazi huambiwa, "Wewe bado mpita njia. Ngoja upate beji." Kikianza kuota, hupigiwa makofi. Hakuna aliyekwenda kukitibu. Mtu atatibu vipi kitu ambacho wenzake wote wanacho?

Jembe alikuwa na beji katika macho yote mawili. Siku moja mkewe aliona kitu kingine kwenye jicho lake la kushoto, upande wa sikio. Kilikuwa cheupe, kama kipande kidogo cha ute wa yai lililochemshwa.

"Baba Kitinda, hebu geukia mlangoni," alisema. "Hiki ni nini?"

"Beji ya pili. Nimepandishwa cheo."

"Hakifanani na zile. Zile zimelala. Hiki kimesimama."

"Mke wangu, ungetazama sufuria kama unavyotazama jicho langu, tusingekula vilivyoungua."

Kitinda alicheka. Mama yake naye akacheka, lakini hakuacha kutazama. Kila asubuhi, mumewe alipoinama kufunga viatu, alilitazama lile jicho. Kile kitu kilikuwa kikikua. Alinunua dawa ya matone dukani, akamtia. Jirani akasema ni moshi wa jikoni. Mwingine akasema ni vumbi. Mke wa Jembe alimwomba mumewe waende zahanati, akaomba tena, na kila mara jibu lilikuwa lile lile.

"Niende nikaambiwe nini? Kwamba nafanya kazi ya chumvi? Hilo nalijua."

Siku ikafika alipokuta damu kwenye mto wa mumewe. Hakuomba tena. Alimpa shati safi na kusimama mlangoni, na Jembe alipomwangalia usoni alivaa shati bila mzaha.

Kwenye zahanati, walikokwenda pamoja na Kitinda, kulikuwa na muuguzi wa macho, mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu. Alimulika jicho la Jembe kwa tochi ndogo. Alimulika muda mrefu. Mke wa Jembe aliona jinsi muuguzi alivyoacha kuzungumza, akasogea karibu na mumewe.

"Kaka, hiki umekaa nacho tangu lini?" muuguzi aliuliza.

"Kitambo. Si ni kinyama tu, sista? Sote tunacho."

"Vile vya upande wa pua ni vinyama. Hivyo vikisogea mpaka kwenye mboni huziba njia ya kuona, lakini haviui. Hiki cheupe kinaota kwa haraka na kinatoa damu. Nina hofu ni saratani. Itabidi uende hospitali kubwa, wakate kipande wakipime. Uende wiki hii, usingoje nyingine."

Jembe aligeuza kofia yake mapajani. Mkewe ndiye aliyeuliza.

"Sista, ametoa wapi saratani ya jicho? Hajaumwa hata kichwa."

"Sababu inaweza kuwa zaidi ya moja. Mwili wenye kinga dhaifu hushindwa mapema, kwa hiyo watampima na damu. Lakini kubwa ninaloliona hapa ni jua. Jua lina mwanga tunaouona na joto tunalolisikia. Lina pia mionzi ambayo hatuioni wala hatuisikii. Wataalamu huiita mionzi ya urujuanimno."

"Jina lenyewe tu linachosha," Jembe alisema.

"Jina lisikutishe. Kazi yake ndiyo ya kuogopa. Inaunguza jicho kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka. Huleta vile vinyama, huleta mtoto wa jicho, na mara nyingine huleta kitu kama hiki."

"Lakini mume wangu anavaa kofia," mke wa Jembe alisema. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayemtetea mwenziwe mahakamani. "Kofia pana, hii hapa. Mimi mwenyewe nilimshonea ukingo."

Muuguzi aliichukua ile kofia na kumvika Jembe. Akamsimamisha dirishani, palipopiga jua. Uso wa Jembe ukawa kivulini. Kisha muuguzi alichukua sinia la chuma la kuwekea vifaa, likiwa safi linang'aa, akalishika chini ya kidevu chake. Papo hapo mwanga ukaruka kutoka kwenye sinia, ukapita chini ya ukingo wa kofia, ukamulika kidevu, pua na macho. Jembe akafumba.

"Bwawa la chumvi ni sinia," muuguzi alisema. "Jeupe lote, na maji juu yake. Kofia inazuia jua la juu. Nani anazuia lile la chini?"

Mke wa Jembe alifikiria miaka yote aliyoinama juu ya weupe ule.

"Na siku za mawingu?" muuguzi aliuliza. "Mnavaa kofia?"

"Siku za mawingu tunazivua," Kitinda alisema. "Kuna ubaridi."

"Ndilo kosa la wengi. Mnapima jua kwa joto. Mionzi hiyo si joto, binti yangu. Upepo hauipozi. Wingu jepesi huiacha nyingi ipite. Unaweza ukasikia baridi huku unaungua."

Alimvuta Kitinda karibu, akammulika na yeye. Kwenye weupe wa jicho alikuta doa dogo la njano. Mke wa Jembe aliliona pia. Alishika ukingo wa meza.

"Hili bado si ugonjwa," muuguzi alisema. "Ni onyo. Likikingwa, linaweza kubaki hivi hivi maisha yake yote."

Akawaeleza, bila haraka. Mtu atazame kivuli chake. Kivuli kikiwa kifupi kuliko yeye, mionzi ni mikali, na kazi ya juani ipunguzwe. Avae mikono mirefu ya kitambaa kilichofumwa kwa kubana. Afunge mtandio kuanzia shingoni mpaka juu ya pua, kwa ajili ya mwanga utokao chini. Avae miwani inayozunguka mpaka pembeni, yenye alama kwamba inazuia mionzi.

"Mimi nina miwani nyeusi," Jembe alisema. "Niliivaa harusini."

"Kama haina kinga, ni afadhali usivae. Giza linaidanganya mboni, inafunguka wazi, na mionzi inaingia kama mgeni aliyefunguliwa mlango."

"Na ngozi?" mke wa Jembe aliuliza. "Sisi si ni weusi?"

"Weusi ni kinga, lakini si ukuta. Jua huizeesha ngozi yetu pia. Midomo hupasuka. Kidonda cha mdomoni au sikioni kisichopona, mje nacho. Na mwenye ualbino hana kinga hiyo hata kidogo. Huyo asikanyage bwawani mchana bila kujifunika kila mahali na kupaka losheni ya kukinga jua."

Kule hospitali kubwa walikata kipande na kukipima. Ilikuwa saratani, nayo ilikuwa imeshaingia ndani ya jicho. Daktari aliongea akitazama mikono yake.

"Kingekuja kikiwa kidogo, tungekiondoa chenyewe na jicho likabaki. Sasa tunaondoa jicho ili kuokoa maisha. Na baada ya hapo itabidi tumchunguze mara kwa mara. Siwezi kuwaahidi zaidi ya hilo."

Kingekuja kikiwa kidogo. Maneno hayo mke wa Jembe aliondoka nayo. Alikiona kikiwa kidogo. Yeye ndiye wa kwanza kukiona. Nje ya chumba cha upasuaji alijaribu kusali, lakini hakujua aombe nini, kwa kuwa alichotaka kilikuwa nyuma, na nyuma hakurudiwi. Akakaa tu mbele za Mungu, mikono mitupu, mpaka walipomtoa mumewe na kitambaa kimefungwa upande wa kushoto.

Nyumbani Jembe alilala ameelekea ukutani. Wenzake walikuja kumjulia hali. Aliwaitikia salamu, hakugeuka. Mmoja alipomwita kwa jina la kazini alisema, "Jembe limevunjika. Mmekuja kuangalia mpini." Hakuna aliyecheka, na baadaye wakaacha kuja.

Lakini chakula hakishuki kutoka darini. Mke wa Jembe na Kitinda walirudi bwawani. Walivaa miwani waliyopewa zahanati, kofia, mikono mirefu na mitandio hadi juu ya pua.

"Karibuni, majambazi," mchukuzi mmoja wa magunia alisema. "Benki iko upande ule."

"Waache," mwanamke mwingine alidakia. "Mama mkwe anamficha bibi harusi, mahari haijakwisha."

Mke wa Jembe aliinama akazoa. Aliyashika maneno hayo kama alivyoshika chumvi, yakawasha mikono. Aliporudi kutoka kwenye lundo alimkuta Kitinda uso wazi. Miwani ilikuwa mfukoni, mtandio kiunoni.

"Vaa," alimwambia.

"Mama, wananicheka. Na leo kuna wingu."

"Nimesema vaa."

"Kwani wao wote watakuwa vipofu? Ilimpata baba tu."

Siku ile mke wa Jembe alirudi nyumbani, akaketi kwenye kigoda cha jikoni, akalia. Alilia kwa sauti ya chini, kwa sababu nyumba ni ya vyumba viwili. Hata hivyo mumewe alisikia.

"Nani kafa?" Jembe aliuliza kutoka chumbani.

"Hajafa mtu. Binti yako amevua miwani. Nimechoka, baba Kitinda. Nilikuona wewe ukienda, na sasa namwona yeye akifuata, na sina nguvu ya kumshika."

Jembe aligeuka kutoka ukutani, akaketi kitandani. Kesho yake, watu wakiwa kazini, walimwona Jembe anakuja juu ya tuta la bwawa. Alitembea kama mtu anayevuka ubao mwembamba, mkono mmoja mbele. Kichwani alikuwa na kofia, usoni miwani, na kitambaa upande wa kushoto. Alisimama karibu na lundo, wote wakaacha reki zao.

Jembe alivua miwani. Akafungua kitambaa, akakikunja vizuri, akakitia mfukoni. Palipokuwa na jicho palikuwa na shimo jekundu, nyama zake zimeshikana.

"Tazameni," alisema. "Msiinamishe vichwa. Nami nilicheka kama nyie. Mke wangu alinionya nikamjibu kwa mizaha. Kama kuna anayeona miwani ya binti yangu inachekesha, aje aitazame sura yangu kwanza, halafu acheke."

Hakuna aliyesogea. Mchukuzi wa magunia alitazama miguu yake. Kitinda alitoa miwani mfukoni na kuivaa, huku machozi yakimtiririka chini yake.

Mambo hayakubadilika yote kwa mara moja. Muuguzi aliitwa, akaja na tochi yake, akawamulika watu wakiwa wamepanga foleni kivulini. Wawili aliwapeleka hospitali kubwa siku ile ile. Vitu vyeupe machoni mwao vilikuwa bado vidogo, vikakatwa, macho yakabaki. Msimamizi alikataa kwanza kubadili saa za kazi, akisema chumvi haitapenda. Watu walipoanza kuja alfajiri wenyewe na kutoka vivuli vikiwa vifupi, aliona chumvi haijalalamika, akanyamaza. Banda la makuti likajengwa pembeni. Bado wapo wasiovaa kitu, hasa siku za ubaridi.

Mwaka uliofuata muuguzi alimmulika Kitinda tena. Doa la njano lilikuwa lile lile, halijakua.

"Hili jicho ni zima," alisema.

Kisha akampapasa Jembe shingoni, chini ya taya, mahali ambapo ugonjwa huo hupenda kujificha. Alipapasa mara mbili. "Leo sioni kitu," alisema. "Mrudi tena."

Walirudi nyumbani. Jembe alitaka kumimina chai mwenyewe, kwa kuwa hapendi kuhudumiwa kama mgonjwa. Mtu wa jicho moja hupotewa na umbali wa vitu. Alinyanyua birika, akaanza kumimina kando ya kikombe, juu ya meza. Kitinda alinyoosha mkono taratibu, akakisogeza kikombe mahali chai ilipokuwa inaangukia. Mama yake aliona. Akageukia jiko, akajifanya anakoroga kitu, mpaka kikombe kilipojaa.